Deni la Yassin Nimelibeba Mimi

Uliyenisoma wiki iliyopita unakumbuka nilipoishia: nimekaa kwenye kigoda uani kwangu Mchinga, Rafaeli amesimama mbele yangu, na nyuma yake kuna watu wengine kumi wenye nyuso za kudai. Uliyenikosa, nipe dakika moja nikuweke sawa.

Mdogo wangu Yassin alikufa kwa ajali ya pikipiki akitoka Kilwa Masoko. Ameacha mke, Adija, na mtoto mmoja wa kiume ambaye bado ananyonya. Wazazi wetu walishatangulia, kwa hiyo msiba ulikuwa wangu.

Siku ya kumzika, kaburi lilipokwisha kufunikwa, shehe alinigeukia mimi kaka mtu niseme yale yanayosemwa kwenye kila msiba wa kwetu, kwamba anayemdai marehemu aje aonane na familia. Ni sentensi moja tu. Watu wote huisema, wakanyamaza.

Mimi sikunyamaza. Niliutazama ule umati, watu wa mitaa ya mjini, Mtanda na Rasbura, waliofunga maduka yao kuja kumzika ndugu yangu, na kifua kikanijaa. Nikapaza sauti: "Kuanzia leo Yassin hadaiwi na mtu. Deni lake lote nimelibeba mimi. Msimsumbue mjane, njooni kwangu." Wazee walinishika mkono mmoja mmoja. Nilirudi nyumbani nikijiona mwanaume hasa.

Waliotangulia kuja walikuwa wa saruji na wa samaki, nikawalipa. Ndipo akaja Rafaeli, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mtanda, na wenzake. Walikuwa wamempa Yassin fedha awanunulie bitkoini, zile sarafu za mtandaoni. Yassin alikuwa fundi simu, watu walimwamini kwa mambo hayo. Sasa Yassin hayupo, na simu yake ilisagika naye barabarani. Jumla ya walichompa ni milioni thelathini na moja.

Nilimwambia Rafaeli kwamba hata nikining'inizwa miguu juu, hiyo hela haitadondoka kutoka kwangu.

"Hela huna," alisema, "lakini una mikorosho."

Marehemu baba alituachia mashamba mawili. Yassin aliliuza lake akaenda mjini kufungua duka la simu. Mimi nililibakiza langu, mikorosho mia mbili, nimeipalilia na kuipulizia dawa ya salfa kwa mikono yangu mwenyewe. Watoto wangu wanasoma kwa mikorosho hiyo. Sina kazi nyingine wala ujuzi mwingine. Nikilipoteza shamba lile, mimi ni kibarua wa watu hadi nife.

Nikaanza kubishana. Nilimuuliza Rafaeli ni fedha gani hiyo ambayo mtu hawezi kununulia hata chumvi ya jero. Nilimwambia walinunua hewa, na hewa hairudishwi.

Rafaeli hakukasirika. Ni Mmakonde wa Newala, mtu mpole, na upole wake ndio unaoniudhi. "Ile pikipiki aliyofia, Bwana Ismaili, aliinunua kwa sarafu zake za aina hiyohiyo," alisema. "Alimtumia mtu wa Dar, mtu akampakilia pikipiki kwenye lori. Kama zimenunua pikipiki, ni fedha. Na fedha ukimpa mtu, hilo ni deni. Wewe ulisema deni lake ni lako."

Walipoondoka, mke wangu Somoe alitoka jikoni akajifuta mikono kwenye kanga.

"Wenzio msibani husema sentensi moja," alisema. "Wewe ukahutubia."

Nilivaa kanzu nikaenda kumtafuta shehe.

Nilimkuta msikitini baada ya swala ya adhuhuri, nikamweleza kila kitu bila kuficha. Alinisikiliza akizungusha tasbihi. Kwanza alikiri kwamba jambo lenyewe ni zito hata kwa waliomzidi elimu. Wapo wanazuoni wanaosema sarafu hizo ni mali kama mali nyingine, na wapo wanaosema ni kamari iliyovishwa nguo nzuri. Yeye hakutaka kujitia kwenye ugomvi huo. Alitaka kujua jambo moja tu: watu wale walipomkabidhi Yassin fedha, walimwambia nini?

Nikamuuliza maneno yana kazi gani wakati fedha imeshatoka mfukoni.

"Maneno ndiyo yote," alisema. "Kama walimkopesha, ni deni, na deni lazima lilipwe hata sarafu zingeungua moto. Kama walinunua mali yao akawashikia tu, hiyo ni amana, na amana ikiharibika bila uzembe wa mshikaji, hailipwi. Kama walimpa mtaji awafanyie biashara, faida wangegawana naye, na hasara ya mtaji ni yao wenyewe."

"Na mimi, Shehe? Mimi pale kaburini nilibeba nini?"

"Ulibeba deni. Hukubeba biashara ya mtu."

Nusura nimbusu. Kati ya milango mitatu, miwili ilikuwa ya kutokea. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikula nikashiba. Somoe aliniuliza kulikoni nikamwambia asubiri aone mume wake alivyo.

Tulikutana Jumamosi asubuhi, wadai, shehe na mimi, kwenye baraza ya nyumba ya Yassin, Mtanda. Nilichagua pale makusudi, ili waione nyumba ya marehemu ilivyo ndogo na waone haya. Adija alikuwa ndani, yumo eda, hatoki mbele ya wanaume. Kati yake na sisi kulikuwa na dirisha lenye pazia, na tulimsikia akimbembeleza mtoto.

Nilisogea dirishani kabla wenzangu hawajaketi.

"Shikamoo shemeji," alisema.

"Marahaba. Usiwe na wasiwasi, leo namaliza habari hii."

Akaniambia ana jambo angependa kunieleza kabla hatujaanza. Nilimwambia angoje wanaume tumalize kwanza, habari za ndani tutazungumza baadaye. Kisha nikaenda kukaa kando ya shehe.

Rafaeli alikuwa wa kwanza. Alieleza kwamba alimpa Yassin milioni kumi na mbili, kwa awamu mbili, mwaka juzi baada ya msimu wa korosho. Alisema wazi kwamba ni mkopo.

"Ulimwambia nini ulipompa?" shehe aliuliza.

"Nilimwambia, hizi usizile, utanirudishia."

"Arudishe hizohizo?"

"Hizo na cha juu."

"Cha juu kiasi gani?"

Rafaeli alisita. "Kitakachopatikana."

"Na kisipopatikana?"

Shehe akamweleza polepole kwamba ukimkopesha mtu kisha ukadai cha juu, hiyo ni riba. Na cha juu kisichojulikana kiasi chake, kinachongoja kupatikana, ni faida ya biashara. Basi achague mwenyewe, alikuwa anampa Yassin mkopo wa riba au mtaji.

"Mimi Mkristo, Shehe. Habari za riba hazinihusu."

"Zilimhusu aliyepokea."

Nilijizuia kutabasamu. Aliyefuata alikuwa Benedikto, mwalimu wa sekondari, ambaye alikuja na mkoba kama anakwenda kufundisha. Yeye hakutaka hata kusikia neno mkopo. Alisema hakumkopesha Yassin hata senti. Yeye alinunua mali, na mali hiyo ni yake hadi leo.

"Nikinunua mbuzi nikamfungia kwenye zizi la Yassin, mbuzi ni wa nani?" aliuliza. "Yassin akifa, mimi sidai bei ya mbuzi. Namtaka mbuzi wangu, tena kwa unene alionao sasa."

Mtu mmoja aliyekaa ngazini akamwambia serikali yenyewe imesema hiyo si fedha. Benedikto akajibu kwamba yeye hajasema ni fedha. Serikali haiitambui kama fedha halali, lakini ukiiuza inakukata kodi. Kodi ya nini, kama si mali? Kila mtu akaanza kusema lake. Mmoja alisema ni kama hisa, mwingine akasema ni kama dhahabu, mwingine akasema ni kama upatu uliovunjika. Shehe alilazimika kugonga sakafu kwa fimbo.

Benedikto alikuwa ananipigania bila kujua. Mbuzi akifa zizini, mwenye zizi halipi.

Wa mwisho kusikilizwa alikuwa Mama Romana, mjane wa watu, mtu mzima, aliyetoa milioni mbili. Zilikuwa za korosho zake, alizokuwa akiweka ili aezeke nyumba. Aliulizwa alimwambia nini Yassin.

"Nilimwambia, mwanangu, niwekee huko ambako wanangu hawatazifikia," alisema. "Wangu wakijua nina hela, wanakuja wote kuumwa. Yassin akaniambia, Mama, hizi hata mimi sitazigusa. Basi. Hiyo sarafu yenyewe sijawahi kuiona."

Hakulia. Alikunja pindo la kitenge chake na kulikunjua, akalikunja tena. Nakiri roho iliniuma. Nilifikiria mvua zinavyoingia kwenye nyumba yake. Kisha nikafikiria mikorosho yangu, na nikaacha kumtazama.

Shehe alikusanya maneno yao wote. Alisema hakuna hata mmoja aliyekopesha. Kuna waliotoa mtaji na kuna walioweka amana, na vyote viwili vimepotea kwa ajali, siyo kwa uzembe. Ni hasara ya kila mtu kwa kadiri alivyotoa. Marehemu hadaiwi, na Ismaili hadaiwi kwa niaba yake.

Hakuna aliyebisha. Rafaeli alikuwa amejiinamia. Benedikto alifunga mkoba wake. Shehe akainua mikono tuombe dua tuachane, nami nikainua yangu juu kuliko ya mtu yeyote.

"Shehe, samahani," sauti ilitoka dirishani.

Mikono yote ikabaki hewani.

"Naomba kuuliza," Adija alisema. "Hiyo hasara mnayoisema ni ipi?"

Nilimjibu mimi, kwa haraka, kwamba sarafu za hawa watu zilikuwa kwenye simu ya Yassin, na simu imesagika, kila mtu aliiona.

"Simu imesagika, shemeji. Sarafu hazikuwa ndani ya simu. Ziko huko mtandaoni, simu ni ya kufungulia tu. Yassin alinipa neno la siri la kufungulia, tangu mwaka jana. Juzi nimetazama kwa simu yangu. Zote zipo."

Nyuma ya pazia mtoto aliendelea kunyonya.

Benedikto ndiye aliyepata sauti kwanza. Aliuliza ni kiasi gani. Adija akamtajia hesabu ya sarafu, tarakimu zenye nukta na sifuri nyingi ambazo mimi sikuzielewa. Benedikto akatoa simu yake, akatafuta bei ya siku, akapiga hesabu, akarudia tena, kisha akavua miwani.

"Milioni tisini na kitu," alisema.

Nilisikia mtu anacheka. Baadaye kidogo nikagundua ni mimi.

Hapo sasa ungewaona. Rafaeli, aliyelia mkopo tangu Mchinga, alisimama akasema shehe amehukumu vizuri sana, ni biashara, na biashara ikipata faida wanagawana waliotoa mtaji. Benedikto akasema mbuzi wake amenenepa na anamtaka leo. Hata yule wa upatu uliovunjika sasa alikuwa na hisa.

Na mimi je? Usinicheke. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu. Tisini toa thelathini na moja. Inabaki karibu milioni sitini. Kama ni biashara, sitini hizo zinagawanywa kwa watu hawa. Kama ni mbuzi, mbuzi ana mwenyewe. Lakini kama ni deni, wanarudishiwa thelathini na moja yao waende zao, na zinazobaki ni za Yassin. Yassin amekufa, na msimamizi wa kila kilichoachwa na Yassin ni mimi.

Nikasimama.

"Ni deni," nilisema.

Shehe alinigeukia polepole. "Ismaili, dakika tano zilizopita lilikuwa si deni."

Nilimjibu kwamba mimi si mwanachuoni, nimejifunza kwa Rafaeli. Yeye ndiye aliyekuja kwangu na watu kumi akisema ni deni, na mimi ni mtu wa kusikia. Kisha nikawageukia wenyewe na kuwaambia maneno ambayo hadi leo sijui niliyatoa wapi.

Niliwaambia sarafu hii leo iko juu, kesho asubuhi huenda mtu akaamka akakuta makokoto. Niliwauliza nani kati yao anajua kuiuza, nani anamjua wa kumuuzia, na polisi wakiuliza wataeleza nini. Kama wanataka biashara, waichukue pamoja na presha yake. Kama wanataka hela waliyotoa, yote, bila kupungua hata shilingi, ninawalipa ndani ya wiki mbili. Na ili wasiseme nawachezea, shamba langu la Mchinga ni dhamana.

Walishuka barazani kujadiliana. Niliwaona kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wakirusha mikono. Benedikto alikuwa mbishi kuliko wote. Lakini Mama Romana alisimama katikati yao akasema yeye hataki kunenepa wala kukonda, anataka milioni mbili zake aezeke. Baada ya hapo wengine walilegea. Watu wanaoamini kwamba wamepoteza kila kitu, ukiwapa chao chote hawaulizi sana.

Wakarudi. Rafaeli akasema wamekubali, ni deni.

Shehe hakuonekana kufurahi. "Una hakika, Ismaili? Nakuuliza mbele ya hawa. Ukishasema deni, na wewe ulishalibeba, hutarudi nyuma."

"Nina hakika."

"Na shamba ni dhamana?"

"Ndiyo, dhamana."

Tukaomba dua. Rafaeli na wenzake Wakristo waliinamisha vichwa nasi tukaitikia amina. Mama Romana alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia Mungu anibariki, mimi ni mtoto mwema. Nilipokea baraka hizo. Nilijiona nastahili.

Kisha nikasogea dirishani nikiwa nimeshaanza kuota bati jipya kwangu na pampu mpya ya salfa.

"Shemeji," nilisema, "hilo neno la siri sasa lifanye kazi. Benedikto atatusaidia kuuza, tuwalipe hawa."

Adija alijibu bila kupandisha sauti hata kidogo.

"Kuwalipa ni kazi yako, shemeji. Sisi wanawake hatukuja kaburini, lakini maneno yako yalituletea faraja hukuhuku tulikokuwa. Tuliambiwa umesema Yassin hadaiwi na mtu, deni lake umelibeba wewe. Leo umerudia. Kama Yassin hadaiwi, alichoacha si cha kulipia deni. Ni mirathi. Na mirathi ina wenyewe."

Nilicheka tena, lakini safari hii kicheko hakikutoka vizuri. Nikamgeukia shehe nikamuuliza, kwani mimi siyo kaka yake?

Shehe alikuwa ameshaelewa. Nilimwona usoni kwamba alielewa kabla yangu, na kwamba alijaribu kunionya.

"Yassin ameacha mtoto wa kiume," alisema. "Mjane ana thumni yake, sehemu moja ya nane. Iliyobaki yote ni ya mtoto. Akiwepo mtoto wa kiume, kaka hana fungu."

"Lakini deni hulipwa kwanza. Kabla ya mirathi. Nimesikia kwako hilo msikitini miaka yote."

"Hulipwa kwanza, kutoka kwenye mali ya marehemu. Ila akitokea mtu akalibeba, marehemu ametuliwa mzigo. Ulilibeba wewe. Nilikuwepo mara zote mbili."

Nilisema basi tufute, tuseme ni biashara, wagawane sarafu zao, mimi nibaki na mikorosho yangu. Nilisema ni mchezo tu wa maneno, tulikuwa tunayageuza tangu asubuhi, tuyageuze mara moja zaidi. Nilimtazama Benedikto, mpenda mbuzi, nikidhani atafurahi.

Benedikto alikuwa anaitazama simu yake. "Imeshuka kidogo tangu tulipoanza," alisema. Kisha akaiweka mfukoni. "Mimi na deni langu nimeridhika, Bwana Ismaili."

Rafaeli naye, kwa upole uleule, aliniuliza shamba linapakana na la nani upande wa barabarani. Alitaka kuja kuliona Jumatatu, na akauliza kama ile mikorosho ya bondeni nayo imo.

Nilimsogelea Adija hadi uso wangu ukagusa pazia. Nilisahau kwamba yumo eda, nilisahau kila kitu. Nilimwambia anajua vizuri kwamba watoto wangu wanakula kwa shamba lile.

"Najua," alisema. "Na mwanangu atakula kwa nini? Mmekaa hapa tangu asubuhi mkisema fedha, mali, biashara. Jina lake halikutajwa hata mara moja. Nilitaka kukueleza, ukaniambia ningoje wanaume mmalize."

Nilimwambia nilikosea. Nilisema neno hilo kwa kunong'ona, lakini wote walilisikia.

"Mimi sikufungi, shemeji," Adija alisema. "Ukitaka kuyarudisha maneno yako, yarudishe. Deni litarudi kwa Yassin, nami nitalilipa kwenye hizi sarafu kabla ya kugusa chochote, naapa. Lakini usiyarudishe hapa barazani kwangu. Kayarudishe kulekule ulikoyasemea. Simama penye kaburi lake, mbele ya walewale waliokusikia, uwaambie umeutua mzigo kichwani mwako, umemtwisha yeye."

Shehe aliinamisha kichwa. Sisi wa huku tunaamini roho ya mtu mwenye deni haipumziki hadi deni lake lilipwe, na hakuna aliyehitaji kunikumbusha. Yassin nilimlea mimi baada ya mama kufa. Nilimbeba mgongoni kumpeleka zahanati alipoumwa surua, na mwezi uliopita nilishuka mwenyewe kaburini kumlaza.

Watu walianza kuaga. Mama Romana alinishukuru tena. Somoe alikuwa ameshapiga simu mara nne na sikuwa nimepokea hata moja.

Shehe alikuwa wa mwisho kuvaa viatu. Alinishika bega, akanikumbusha kwamba Ijumaa ni arobaini ya Yassin. Watakuja watu wa Mtanda na wa Rasbura, walewale wote, na baada ya kisomo wataenda kumzuru kaburini.

Kisha akaniuliza kama kaka mtu nitakuwa na la kusema.